Shangazi Aliyefuata Mwanga

“Umekalia macho yangu, mdogo wangu! Unasikia? Hapo ulipoweka cherehani yako ndipo macho yangu yalipo!”

“Basi njoo uyachukue,” nikamjibu kaka, mguu wangu haujatoka kwenye pedali. “Mimi nina sketi sita za sare, mwenyewe anazitaka wiki hii. Na huyo Shangazi wako, si umlete hapa dirishani? Nani kamkataza?”

Mimi na kaka tumegombana tangu utotoni, lakini safari hii aliuacha ugomvi njiani. Akageuka, akarudi katikati ya karakana kwenye giza lake, akaweka kiganja juu ya mashine kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Shangazi ni mashine yake ya kukereza mbao. Chuma kitupu, ndefu kama benchi la kungojea dawa, ina kichwa upande mmoja penye mota na mkia upande wa pili. Mti unabanwa katikati ya kichwa na mkia, unazungushwa, fundi anausogezea patasi taratibu na maranda yanatoka kama utepe. Ilitoka kwenye karakana kubwa iliyofungwa, ikaletwa na wanaume wanane. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi ukuta wa pembeni ubomolewe kwa mtaimbo, Shangazi akaingia, ukuta ukajengwa tena. Mtaimbo wenyewe ukaegemezwa nyuma ya mlango. Miaka kumi na tisa vyote viwili havikusogea hata unene wa kucha. Jina alipewa na wifi yangu, mke wa kaka: “Huyu ni shangazi kabisa. Akishakaa amekaa, wengine wote mtampitia pembeni.”

Kaka mtaa mzima unamwita Duara, kwa kuwa kila kinachotoka mikononi mwake ni cha mviringo: miguu ya viti, nguzo za ngazi, bakuli, vipini. Ni mtu wa ndoto. Simsifu, nasema ilivyo. Alipokuwa na miaka tisa mama alimtuma chumvi, akarudi jua limezama, hana chumvi na hela ameikunja kiganjani imelowa jasho. Njiani alikuwa amepita nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa anakereza kwa upinde, mkono mmoja unavuta upinde, mguu mmoja unashika patasi. Kaka alisimama pale mpaka duka likafungwa. Mama akamnasa kibao kimoja cha haki, ndipo akamuuliza, “Ulikuwa unatazama nini muda wote huo?”

“Nimeona mti unazunguka mpaka unalala,” akasema.

Mama hakumwelewa. Mimi nilimwelewa, maana nilikuwa na pia ya kuchezea, nimeipaka rangi ya buluu kwa mkono wangu. Pia nzuri ukiirusha vizuri inafika mahali haitikisiki, haisogei, unaiona imesimama tu kama haifanyi kitu. Sisi watoto tulikuwa tunasema imelala, na ikilala tulikuwa tunanong'ona. Wiki hiyo hiyo kaka akaiazima ile pia kwangu, akaenda nayo nyuma ya jiko, akaipasua kwa panga.

Alitaka kuona katikati yake iko wapi.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Akaniahidi: “Nyamaza, mdogo wangu. Nitakutengenezea nyingine, inayolala kuliko hii.” Nilikuwa na miaka saba. Nikafika arobaini na minane sijaiona. Kila aliponiudhi nilimwuliza, “Pia yangu iko wapi?” Siku ya arusi yake nilimwuliza. Siku alipoingiza Shangazi nilimwuliza mbele ya wale wanaume wanane, na yeye akajibu, “Mashine imefika, kesho utapata.” Miaka kumi na tisa kesho hiyo haikufika.

Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye na mbao zake, mimi na nguo zangu. Ni jengo refu lililokuwa ghala. Mlango unatazama jua linakochomoza, dirisha langu linatazama linakozama, na katikati palikuwa na dirisha jingine, kubwa, ndiyo maana Shangazi aliwekwa hapo. Halafu jirani akapandisha ghorofa. Ukuta wake ukaja kusimama hatua mbili kutoka dirisha la katikati, na kuanzia siku hiyo kaka anakereza kama mtu aliye ndani ya pango.

Mtasema, si aweke taa. Aliweka. Glopu ilining'inia juu ya kichwa chake ikamwagia kivuli cha mkono pale pale alipotaka kuona. Akaitoa, akafunga taa ya tyubu. Siku ya kwanza, kwa jinsi mwanga wa tyubu unavyopepesa, mti uliokuwa unazunguka kwa kasi ukaonekana umesimama kabisa, hata mistari yake unaihesabu. Kaka akaduwaa, akanyoosha kidole kuugusa. Wifi ndiye aliyepiga ukelele. Kidole kilipona, kucha haikupona, na tyubu akapewa mfuga kuku mmoja wa mtaani.

Mbao ikizunguka haionekani kama mbao. Inakuwa moshi uliolala, rangi ya asali, unaona hadi ndani yake. Fundi haangalii mti, anaangalia ukingo wa ule moshi, pale unapokutana na mwanga unaotoka ubavuni. Mwanga ukitoka ubavuni, hata kosa dogo kama uzi linaonekana. Bila mwanga huo anabahatisha.

Na alikuwa anabahatisha. Seremala anayemnunulia miguu ya viti alirudisha miguu minane, akaipanga mezani. Hata mimi mshona nguo niliona haifanani. Jioni ya Jumamosi, baada ya ule ugomvi wetu, wifi akanivuta pembeni.

“Wifi, usimtie maneno makali kaka yako. Jicho la kushoto lina ukungu. Ananificha, lakini juzi alimimina chai pembeni ya kikombe.”

“Mimi nimemtia maneno gani?”

“Wewe? Maneno yako yangekuwa misumari tungefungua duka.” Akacheka, kisha akaacha kucheka. “Amezungumza na mnunuzi wa chuma chakavu, anamuuza Shangazi. Ijumaa anakuja na gari. Ataikata vipande humo humo ndani, si lazima ukuta uvunjwe.”

Nilirudi kwenye sketi zangu nikashona moja ndani nje.

Kwa hiyo ile kelele ya kwamba nimekalia macho yake, iliyotoka Jumamosi, haikuwa matusi. Alikuwa ananieleza. Mlangoni kuna mwanga mzuri tangu asubuhi hadi saa tano. Dirishani kwangu kuna mwanga mzuri tangu saa nane hadi jioni. Katikati ya chumba hakuna kitu. Kama Shangazi angeweza kufuata mwanga, asubuhi huku, mchana kule, kaka angekuwa fundi miaka mingine kumi. Asipoweza, Ijumaa.

Jumapili nikahamisha cherehani yangu, nikaibana kwenye pembe, bila kuomba msamaha. Kaka akaita wanaume wanne wa mtaani, wakamsogeza Shangazi mlangoni wakihema kama wanapanda mlima. Jumatatu asubuhi alikereza mguu mmoja wa kiti, akaupitishia kidole, akafumba macho. Nikajua umenyooka. Saa tano jua likapanda juu ya paa, mwanga ukaondoka mlangoni kama mgeni aliyekumbuka ana safari. Wale wanne wakaitwa tena. Wakaja, nyuso zimeshuka. Usiku Shangazi akalala dirishani. Jumanne asubuhi tukawaita mara ya tatu: mmoja mgongo, mmoja ana kikao, mmoja simu haipatikani, na wa nne mkewe alituambia mlangoni kwamba ametoka, huku sote tunamsikia anakoroma.

“Shangazi anataka miguu yake mwenyewe,” kaka akasema.

Akaenda kwenye jalala la vyuma, akarudi na magurudumu manne ya kitanda cha wagonjwa. Akamnyanyua Shangazi kwa jeki ya gari na matofali, upande huu kidogo, upande huu kidogo, akafunga gurudumu kila mguu. Saa nane akamsukuma kwa kidole kimoja, na Shangazi akaenda. Nasema kweli, alienda. Mzigo wa wanaume wanane ukateleza sakafuni bila sauti, ukapita kwenye vumbi la mbao lililokuwa linaelea kwenye mwali wa jua, kama kitu unachokiona kabla hujaamka. Kaka alimsukuma hadi mlangoni na kumrudisha, akamsukuma tena. Wifi alisimama na sufuria mkononi akasahau alikuwa anakwenda wapi.

“Umeona?” kaka akaniambia.

“Nimeona. Sasa mfunge kamba, asije akaolewa.”

Nilisema mzaha. Kumbe mdomo wangu ulikuwa umeshaona mbele.

Akabana gogo bichi, halijachongwa, zito upande mmoja. Akawasha. Gogo likaanza kurusha uzito wake huku na huku, na Shangazi, aliye juu ya magurudumu yaliyokufa breki zamani, akaanza kutembea. Taratibu, kwa heshima zote, akitikisa makalio. Mtu yeyote mwenye akili angezima mashine. Lakini mkerezaji akishaingiza patasi kwenye mti haitoi mpaka amalize mkato, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo kaka alivyofanya. Akawa anamfuata Shangazi nyuma nyuma, patasi imegusa mti, macho yamefumbika nusu, anakereza huku anatembea, kama mtu anayesindikiza mgeni na hadithi haijaisha. Wakaja wote wawili hadi kwenye pembe yangu. Maranda yakanimwagikia kichwani, juu ya kitambaa, ndani ya kikombe cha chai. Waya ukafika mwisho wake, ukachomoka ukutani wenyewe. Kimya.

“Karibuni,” nikasema.

Wifi alikaa chini akicheka mpaka machozi. Kaka hakucheka. Alitazama mkato wake kwenye gogo. Ulikuwa umepindapinda kama njia ya ng'ombe. Akafungua magurudumu moja moja, akayaweka kwenye ndoo. Hakula usiku huo.

Jumatano alikaa juu ya kigoda tangu asubuhi akitazama mwanga unavyopita. Mimi nilikuwa natoa vumbi kwenye sketi, na roho yangu haikuwa nzuri. Ndipo akaja muuza maji na toroli lake, madumu sita. Alifika mlangoni, akashusha mikono ya toroli, miguu yake ikagusa chini, likakaa. Akaliegemea kwa ubavu na kuanza kutupa habari za mtaa wa pili, na toroli wala halikutikisika.

“Kaka,” nikasema, “hebu tazama. Hata toroli la huyu bwana lina akili kuliko wewe. Likiambiwa tembea linatembea, likiambiwa kaa linakaa. Wewe umemvalisha Shangazi viatu vya matairi halafu unamtaka asimame!”

“Dada, usinitukanie toroli,” muuza maji akasema.

Kaka alikuwa ameshachuchumaa. Alishika mikono ya toroli, akainua: uzito ukaenda kwenye gurudumu la mbele. Akashusha: uzito ukarudi kwenye miguu. Akainua, akashusha, akainua. Maji yakamwagika viatuni mwake, hakuhisi.

“Bwana Duara,” muuza maji akauliza, “unanunua maji au unanunua toroli?”

Akachukua chaki yangu ya nguo, bila kuomba, akachora sakafuni. Nilipoona mkono wake unavyokwenda sikumkataza, ingawa nilikuwa na chaki moja tu.

Nitawaeleza alichochora, maana nilikikanyaga siku mbili nzima. Upande wa kichwa, ulio mzito, magurudumu mawili yakafungwa nje kidogo ya miguu, yakiinuliwa juu ya sakafu kwa unene wa sarafu. Shangazi akisimama sawasawa hayagusi chini. Upande wa mkia hakuna kitu cha kufungwa kabisa. Kuna kigari kidogo cha peke yake: ekseli, magurudumu mawili, ulimi mfupi wa chuma unaoingia chini ya mkia, na nyuma mpini mrefu. Ukiubonyeza mpini chini, ulimi unanyanyua mkia, Shangazi anainama kidogo, magurudumu ya kichwani yanagusa sakafu, naye anakuwa toroli. Ukiuachia mpini, anakaa kwa miguu yake minne ya chuma, na hapo hata umtukane hasogei.

“Mpini uwe mrefu kiasi gani?” akauliza fundi wa kuchomelea tuliyemwita Alhamisi.

Kaka akaangalia huku na huku. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akautoa ule mtaimbo uliovunja ukuta miaka kumi na tisa iliyopita. Buibui alikuwa amejenga juu yake nyumba ya ghorofa.

“Huu,” akasema. “Ndio uliomwingiza.”

Alhamisi jioni kilikuwa kimekamilika. Nilidhani atajaribu mwenyewe. Akaniita.

“Bonyeza wewe.”

“Mimi nina kilo hamsini na tisa, kaka. Ataniponda.”

“Ndiyo maana nataka wewe. Ukiweza wewe, nitaweza hata nikizeeka.”

Nikashika mtaimbo. Ulikuwa wa baridi. Nikashusha, pole pole, kama unavyoshusha kifuniko cha sanduku mtoto akiwa amelala chumbani. Nikasikia Shangazi anavuta pumzi. Sijui niseme vipi tena. Chuma kilitoa sauti ndogo, ikapanda kwenye mikono yangu, na uzito wote ukawa mwepesi kama ndoo iliyo ndani ya maji. Nikavuta hatua moja. Akanifuata. Hatua ya pili, ya tatu. Jua la jioni lilikuwa limelala sakafuni, refu, rangi ya chai, na nilimvuta Shangazi ndani yake mpaka mwanga ukampanda ubavuni, ukafika kwenye mkia, ukafika kwenye mikono yangu. Nikaachia. Akakaa. Chumba kikatikisika mara moja.

Kaka akaleta gogo lile lile lililotutesa, akalibana, akawasha. Likarusha uzito wake huku na huku. Shangazi akasimama kama aliyezaliwa hapo. Wifi akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumanne.

“Basi mpigie yule mtu asije,” akamwambia mumewe.

“Hapana,” kaka akasema. “Mashine imepona. Mimi bado sijajipima.”

Ndipo nilipoelewa kwamba hofu yake ilikuwa kubwa kuliko magurudumu. Hakujua kama jicho bado linaweza kupata katikati ya kitu.

Ijumaa nilifika mapema kuliko kawaida. Kaka alikuwa ameshamvuta Shangazi hadi mlangoni, peke yake, na jua changa lilikuwa linaingia kwa ubavu. Amebana kipande kidogo cha mti mgumu, si kirefu kuliko mkono wa cherehani. Sikumsalimia. Unapomwona mtu yuko mbali vile hupigi hodi. Maranda yalikuwa membamba hivi kwamba hayaanguki, yanaelea, yanageuka kwenye mwanga, yanafika chini baadaye sana. Ule moshi wa asali ulikuwa unapungua upande mmoja, unakuwa tumbo, unakuwa shingo, unakuwa ncha. Kaka alikuwa amefumba jicho la kushoto. Lile la kulia lilikuwa limefunguka kama la mtoto wa miaka tisa aliyetumwa chumvi.

Gari la chuma chakavu likasikika nje. Breki, mlango, miguu. Akaingia mwanamume mwenye mitungi miwili ya gesi ya kukatia kwenye toroli, mwenye sauti iliyozoea makelele.

“Hodi! Mashine yenyewe ndiyo hii?”

Kaka alinyanyua patasi. Alizima. Akakata ncha ya mwisho kwa kisu, akaipuliza, akaigusa kwa ncha ya kidole. Akaja mbele yangu, akachuchumaa kwenye ule mraba wa mwanga mlangoni, akaibana kati ya viganja viwili, akaizungusha, akaiachia.

Pia ikaruka kidogo, ikatafuta, ikazunguka duara moja dogo sakafuni. Nilishika mdomo. Ikazunguka duara dogo zaidi. Halafu ikaacha kutafuta. Haikutikisika, haikusogea, ikasimama pale kwenye jua kana kwamba haifanyi kitu, na kivuli chake chembamba kimesimama nayo.

“Nimeuliza,” yule mwanamume akasema, “mashine ndiyo—”

“Punguza sauti, bwana,” nikamwambia. “Imelala.”

Akatutazama, watu wazima watatu tumechuchumaa mlangoni, wifi naye keshafika na taulo begani. Sijui aliona nini. Alichuchumaa naye. Tulikaa hivyo wote wanne mpaka pia ilipochoka, ikayumba, ikalala ubavu kwa kweli na kubingirika hadi kwenye kiatu chake.

Akaiokota, akampa kaka. Kaka akanipa mimi.

“Haina rangi,” nikasema, maana lazima niseme kitu.

“Rangi ulipaka mwenyewe,” akajibu. “Mimi nilidaiwa mti.”

Kweli. Nikaifunga kwenye pindo la nguo.

“Basi tumemalizana,” nikamwambia, na deni la miaka arobaini na mmoja likafungwa hapo.

Kaka akamtoa yule mwanamume nje akimwomba radhi kwa safari yake ya bure. Saa tano jua lilipoanza kutuacha, nikainuka mwenyewe, nikashika mtaimbo.